Nilimwita Mchumba Wangu "Binamu"

Jamani, kosa ni langu, simsingizii shetani. Ni mdomo wangu mwenyewe ulioniponza!

Nilikuwa na mchumba, Deo, muuza karanga wa Gairo. Msimu mmoja wa kabichi nikapanda naye milimani kwa Bibi mzaa mama, atusaidie kubeba. Nyumbani hakuna aliyemjua. Deo akainama, "Shikamoo, Bibi." Bibi akaitikia, kisha akanigeukia. "Huyu nani?"

Nikababaika! "Binamu yangu, Bibi."

"Mtoto wa nani?"

"Wa... wa mama mdogo wa Gairo." Bibi ana mdogo wake aliyeolewa huko zamani, wakapotezana hadi tukasikia amefariki. Basi nikamzulia binti!

"Mtoto wa mama mdogo si binamu, we mtoto! Binamu ni wa mjomba au wa shangazi. Huyu ni kaka yako kabisa!"

Mjomba, mwalimu mstaafu, akadakia kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu: mwana wa ndugu wa baba. Sisi tulilipokea tukalihamishia kwa mjomba na shangazi.

Bibi akamkumbatia Deo huku analia. "Damu ya mdogo wangu!" Jogoo akachinjwa. Mungu anisamehe, paja nikala mimi!

Mwaka mzima Deo akawa mtu wa ukoo. Kuezeka jiko la Bibi, yeye. Kuchimba kaburi, yeye. Na alivyokuwa anaupenda undugu huo!

Ndipo wazee wake wakaja na posa. Bibi akamwona kakaa na wageni, akacheka. "Mjukuu wangu, umekosea mkeka, njoo huku kwetu!"

Mshenga akakohoa. "Mama, huyu ndiye mwoaji."

Sinia la ndizi likaanguka puu! "Kaka amwoe dada yake?" Wageni wakaanza kutafuta viatu.

Nikapiga magoti, nikasema yote. Bibi hakunipiga. Alikaa chini, akauliza polepole, "Kwa hiyo mdogo wangu hakuacha mjukuu?"

Hapo nililia, wenzangu. Nililia kweli.

Posa ikarudi na wenyewe. Deo bado anapanda milimani kila Jumamosi, anakaribishwa chai. Mimi naachwa mlangoni. "Huyu ni wangu," anasema Bibi. "Wewe ni wa nani?"

Dada zangu, mchumba mwiteni mchumba! Mtagombezwa siku moja, yataisha. Mwenzenu hadi leo nabembeleza ujukuu kwa bibi yangu mwenyewe.