Betri ya Kumsikilizia Ramadhani

Juzi nilipita kwa fundi pikipiki pale Mikese, nikasimama ghafla. Harufu ya maji ya betri ilinikamata kooni, kali, chachu, kama chuma kilichokamuliwa limau. Fundi akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia afanye kazi yake.

Harufu ile naijua tangu sijavunja ungo. Kwetu, juu Uluguru, aliyekuwa na redio ni mjomba wangu Kondo. Aliitilia mawe, ndivyo tulivyoziita zile betri za duara, na kwa kuwa kilima kizima kilikuja kusikiliza, mawe hayakudumu. Yakichoka tuliyaanika juani pamoja na maharage. Yalizinduka kidogo, yakaimba wimbo mmoja, yakafa tena.

Kisha wauza ndizi wakapanda na habari kutoka mjini: kaka yangu Ramadhani, aliyekwenda Tanga kusoma chuoni, atasoma Kurani redioni Ijumaa alasiri. Mama miguu ilishamkataa, na hakuwa amemtia machoni mwanawe tangu aondoke akiwa mtoto. Hakulia wala hakuomba kitu. Alimwuliza tu mjomba kama mawe yatafika Ijumaa. Mjomba alikwenda kutafuta betri kuukuu ya pikipiki, ile ya kuchajiwa, akanituma niishushe mjini ikachajiwe.

Fundi wa huko nilimpa shikamoo, akaipokea huku akiunga nyaya. Nikamwachia betri, nikalala kwa shangazi. Nilipoifuata asubuhi, maji ya ndani yalikuwa yanachemka bila moto. Nywele zilinisimama.

"Usiilaze," fundi akaniambia. "Ukiilaza itamwagika."

Mie nikaelewa ni umeme utakaomwagika. Basi nilipanda mlima ule na betri kichwani, shingo imenyooka kama mchi, siafu wananiuma nawaacha. Watoto njiani wakanizomea, eti bi harusi huyo, anapelekwa kwa nani. Mvua iliponyesha niliivua kanga yangu nikaifunika betri, nikafika nyumbani natetemeka.

Ijumaa mjomba akaunga nyaya. Redio ikatoa sauti ambayo haijapata kuitoa, nene, haina mkwaruzo. Watu walijaa mpaka uani. Mtangazaji akataja jina. Kabla ya kuanza, msomaji akavuta pumzi puani kwa nguvu, vile vile alivyokuwa akivuta Ramadhani alipotaka kulia. Kisha ikatoka sauti nzito ya mwanamume. Mama akaweka kiganja juu ya redio kama anayepima homa ya mtoto. Mimi niliziangalia zile nyaya mbili nyembamba, nikashindwa kuelewa mtu mzima amepitaje humo.

Alipomaliza, mama akasema, "Zima."

"Dada, betri imejaa," mjomba akamwambia. "Tusikilize na habari."

"Kondo, zima."

Watu walitawanyika wakinung'unika. Mimi nikajivuna kwa wenzangu kwamba mama yangu ndiye anayejua kutunza betri, na nililiamini hilo miaka mingi.

Halafu nami nikazaa. Mwanangu akaenda mbali kutafuta kazi, akakaa kimya muda mrefu. Siku aliyopiga simu, tulipoagana tu, jirani akaingia na maneno yake. Nikamnyooshea mkono anyamaze. Simu ilikuwa na chaji tele. Nilitaka tu sauti ile ibaki masikioni mwangu, isipitiwe na nyingine. Hapo ndipo nilipomwelewa mama.