Magadi Katika Bwawa la Mama

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu Waithaka, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mkuu mwenyewe ndiye aliyevunjika. Mama yangu alipanda juu kukagua mfereji wa paa baada ya kukatazwa na kila mtu, akaanguka, akavunja nyonga. Mfupa uliunga. Mguu ndio uliokataa kazi. Daktari wake pale Hurlingham aliniambia wazi kwamba asipotembea ndani ya maji karibu kila siku kwa miezi mitatu, atazoea magongo na hatayaacha tena.

Bwawa la hotelini hakutaka hata kulisikia. Avae nguo ya kuogelea mbele ya watu? Nikanunua bwawa la kusimamishwa juu ya ardhi, la plastiki nene na vyuma, pamoja na pampu yake, kutoka kwa familia ya wageni iliyokuwa ikihama Muthangari. Nililiweka nyuma ya nyumba, mahali pa sukuma wiki, na fundi akatuundia ngazi pana za mbao. Jirani mmoja aliuliza kama nimeanza kufuga samaki.

Maji ya bomba yalikuja kwa kubahatisha, kwa hiyo nilisubiri masika nikaelekeza paa lote la mabati bwawani. Lilipojaa nilijisifu ofisini kwamba mama anafanyia mazoezi kwenye maji ya Mungu. Nikatia vidonge vya klorini kama nilivyoelekezwa.

Siku ya nne mama alitoka na macho mekundu. Siku ya sita akawashwa mwili mzima. Nikaamua dawa imezidi, nikapunguza maji, nikaongeza mengine ya mvua. Macho yakazidi kumchoma, nami nikaongeza tena. Nikishaamini jambo huwa siulizi mtu, na tabia hiyo sikuiokota barabarani.

"Mimi siingii hiyo maji tena," mama akasema. "Heri magongo."

Alikaa wiki nzima bila kuingia, nikaona mguu ukirudi nyuma. Asubuhi moja alishindwa kuinuka kitini bila kushikwa. Niliogopa. Kukasirika nimezoea, kuogopa sikuwa nimezoea.

Ndipo nikafungua kisanduku cha kupimia maji ambacho wale wageni walinipa na nikakidharau. Unachota maji kwenye kichupa, unatia matone, unalinganisha rangi. Maji yakiwa sawa hupata rangi ya papai lililoiva. Yangu yalikuwa manjano tupu.

"Inasema nini?" mama aliuliza. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Maji imekuwa chachu."

"Si uweke magadi, kama ya kuchemshia maharagwe?"

"Mama, hii ni swimming pool, si githeri."

Aliendelea na maharagwe yake.

Kesho yake saa ya chakula cha mchana nilienda katikati ya mji, kwenye duka la kemikali. Muuzaji, mwanamke wa rika langu, alinisikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja.

"Maji ulitoa wapi?"

"Ya mvua. Ya mabati."

"Basi hiyo maji iko empty, dada. Haina madini, haina kitu ya kujishikilia. Na hizo tablets zako ni acid, so kila siku inazidi kuwa chachu. Hiyo uchachu ndio inachoma macho. Ukiongeza mvua unaharibu kabisa."

Alifungua gunia nyuma ya kaunta akanionyesha unga mweupe. "Weka hii pole pole. Pima, ngoja, uweke tena."

"Ni nini?"

"Ni magadi tu, ile imesafishwa."

Nilibeba kilo tano hadi nyumbani, nina aibu na furaha kwa pamoja, nikamwambia mama ukweli wote. Hakunicheka. Alisema tu, "Leta ndoo," na yeye ndiye aliyekoroga, kwa mwiko wa ugali. Nikamwaga kidogo kidogo, pampu ikizungusha maji. Nikapima: manjano bado. Asubuhi nikaongeza. Siku ya tatu kichupa kilikuwa papai lenyewe, nami nikakipeleka kwenye ua wa mpakani nikamwonyesha yule jirani wa samaki, ambaye hakuwa ameniuliza.

Jioni hiyo mama aliingia na rinda lake la zamani. Alijirushia maji usoni, akafumba macho, akafumbua. Hayakumchoma. Nilimshika mikono yote miwili nikarudi kinyumenyume, naye akanifuata. Tukafanya hivyo kila jioni, kupima kwanza, mama baadaye, na kila mvua kubwa iliponyesha nilitia magadi bila kukumbushwa. Wiki ya nane nilimshika mkono mmoja tu. Wiki ya kumi alisimama katikati ya bwawa.

"Toka," akaniambia.

"Ni macho?"

"Toka kwa maji. Unanizibia njia."

Nilitoka. Alizunguka peke yake mara saba, kifua mbele, na nilipomletea magongo ngazini alinitundikia taulo lililolowa begani, akatangulia kwenda ndani.