Mikunjo ya karatasi ya shamba

Mwalimu wetu wa darasa la tano alitufundisha kwamba Kifaransa kina neno moja kwa mkunjo wa nguo na jingine kwa mkunjo wa uso. Aliandika ubaoni pli, kisha ride, akauliza nani ataeleza tofauti. Nilijua, lakini sikunyoosha kidole. Sikuwahi kunyoosha kidole. Nyumbani tulikuwa na maneno yetu. Makunyanzi yalikuwa ya nyanya, shingoni na pembeni mwa mdomo. Mikunjo ilikuwa ya nguo, na hiyo ndiyo niliyoizoea zaidi, maana tangu nimalize la sita na kuacha shule nimekuwa nikipiga pasi nguo za watu wanazovaa kanisani. Lakini mikunjo ya karatasi ya shamba mama aliiita vidonda.

Karatasi hiyo ilichanwa kwenye daftari la mistari. Baba alinunua shamba la Ngungu kabla sijazaliwa, na aliyeliuza akaandika kila kitu kwa kalamu ya biki: majina, mipaka, na chini alama za vidole vya mashahidi wawili. Baba alipofariki, karatasi ikabaki kwa mama, ambaye hajui kusoma. Vita vilipotufanya tukimbilie Kirolirwe, aliikunja mpaka ikawa ndogo kama kiganja cha mtoto, akaitia ndani ya sashe, kifuko cha plastiki, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Kila alipotaka kuhakikisha kwamba ipo, aliikunjua na kuikunja tena palepale. Wino ukafutika kwenye mikunjo. Mahali pengine karatasi ilitoboka.

Huko Kirolirwe hatukuwa na kitabu nyumbani. Mchana, mama akiwa amekaa, nilimwomba karatasi nikaisoma kwa kidole, polepole, neno baada ya neno. Mwishowe nilikuwa naisoma hata ikiwa imefungwa kiunoni mwake.

Tuliporudi Ngungu tulikuta jirani wa upande wa chini amelima shamba lote, maharagwe na muhogo. Hakututukana. Alisema tu kwamba baba alinunua sehemu ya juu, na kwamba bonde mpaka mtoni ni lake. Chefu wa kijiji akamwambia mama alete karatasi siku ya Ijumaa.

Alhamisi mama alienda sokoni na kuacha kitenge chake cha zamani juu ya kitanda, karatasi ikiwa ndani yake. Mimi nilikuwa na pasi ya makaa, moto tayari, na mashati ya watu mbele yangu. Niliiangalia ile karatasi ilivyojikunja, nikaona aibu kuipeleka mbele za watu hivyo. Nikaitandika juu ya blanketi na kuipiga pasi.

Sikujua kwamba kipande cha sashe, chembamba kama ngozi ya kitunguu, kilikuwa kimegandia juu ya maandishi. Niliposikia harufu, pasi ilikuwa imeshika. Nilipoiinua, karatasi ilikuja nayo. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuvuta wino, na mistari mingi ikawa doa moja la bluu.

Mama alirudi, akaiangalia kwa muda mrefu.

“Ulikuwa unatafuta nini?”

“Nilitaka ikuwe muzuri mbele ya chefu.”

“Chefu haiko harusi,” alisema, na hakula jioni hiyo.

Ijumaa watu walijaa uani kwa chefu. Jirani aliinua karatasi kwa vidole viwili.

“Papa chefu, hii ni karatasi ao ni sambusa?”

Watu walicheka. Mama alingoja wanyamaze.

“Mutoto wangu anaijua yote kwa kichwa,” alisema. “Ataiandika.”

Hakuwa ameniuliza. Chefu alinisogezea meza, akanipa biki na karatasi safi. Mimi huandika polepole hata nikiwa peke yangu. Pale kila herufi niliichora kama ninayeshona.

“Dada,” jirani alisema, “mahindi itakomaa mbele umalize.”

Wakacheka tena. Niliendelea. Niliandika jina la muuzaji, la baba, mpaka wa juu, wa kushoto na wa kulia. Kila nilipofika mahali pa mkunjo niliacha nafasi tupu, kwa sababu pale sikuwahi kusoma kitu. Halafu nikafika kwenye mpaka wa chini. “Upande wa chini shamba linaishia kwenye”, na baada ya hapo ulikuwa mkunjo, ule mkubwa kuliko yote. Neno lililokuwepo lilifutika kabla sijaanza kuisoma karatasi. Mama alituambia siku zote kwamba ni mto. Biki ilisimama. Nilimwona mama akiangalia mkono wangu. Niliacha nafasi tupu, nikaandika majina ya mashahidi.

Chefu aliinua karatasi iliyoungua kuelekea jua, akaweka yangu pembeni, akalinganisha vipande vilivyokuwa bado vinasomeka.

“Huyu hakubuni,” alisema. Kisha akaweka kidole chini. “Na hapa?”

“Sijui, Papa. Palikuwa mukunjo.”

“Mama yako anasema ni nini?”

“Anasema ni muto.”

“Na wewe ulisoma muto?”

“Hapana, Papa.”

Shahidi mmoja amekufa. Wa pili alihamia Pinga na hakuna anayejua kama yuko hai. Chefu akaamua kwamba sehemu ya juu ni yetu, wala asiisogelee mtu. Bonde litabaki kwa anayelilima mpaka shahidi wa Pinga apatikane. Huko bondeni ndiko udongo mweusi uliko, na maji.

Hata leo sijui kama ni ukweli ulionizuia, au niliogopa tu kuulizwa zaidi mbele za watu.

Jumatatu tulianza kulima sehemu ya juu. Mama alishuka na jembe mpaka kwenye miti ambayo jirani aliipanda kuonyesha mpaka wake, akasimama hapo.

“Ungeandika tu muto,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Ulijua kuandika neno hilo?”

“Nilijua.”

Aliangalia bonde kidogo. Kisha akageuka, akaanza mstari mwingine kurudi juu.