Nilivyofumua shali ya Mama Sifa kila Jumatano ili Alhamisi arudi

Wakuu, poleni na mihangaiko ya siku.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu ndani, nasoma, nacheka, napita kimya kimya. Leo nimeamua kuandika. Sitaongeza chumvi, kwa sababu hii story inaniaibisha mimi mwenyewe, na sijawahi kuona mtu anajitungia aibu.

Niko Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, si mbali na Lilongwe. Kwetu ni Bukavu. Niiteni Riziki. Naishi peke yangu. Mume alitangulia Afrika Kusini kututafutia maisha, akayatafuta mpaka akasahau anamtafutia nani.

Mwaka jana nilianza kukohoa. Nikajidanganya ni vumbi. Nikanywa tangawizi, nikanywa limao, huku nguo zinazidi kunipwaya. Mwisho nikapelekwa hospitali Lilongwe, majibu yakatoka: TB. Miezi sita ya vidonge.

(Kwa faida ya wengine: vile vidonge vinageuza mkojo kuwa rangi ya soda ya machungwa. Mimi hakuna aliyenionya. Siku ya kwanza nilianza kutubu dhambi zangu zote pale pale chooni.)

Ugonjwa niliuvumilia. Kilichonishinda ni njia.

Mbele ya nyumba yangu kuna njia ya kwenda bombani. Asubuhi na jioni akina mama walikuwa wanapita hapo na ndoo, tunasalimiana, tunasengenya kidogo, wanaendelea. Habari zangu zilipoenea, ndani ya wiki moja wote wakaanza kuzungukia nyuma, katikati ya mahindi ya watu. Njia yangu ikaota majani. Wakuu, mimi nilikaa mlangoni nikayaangalia yale majani yanaota.

Kundi la kanisani la kutembelea wagonjwa walikuja mara moja. Walisimama barabarani, wakaomba kwa sauti kubwa ili nisikie, wakaacha unga chini, wakaondoka. Baadaye zahanati waliniambia kwamba kwa dawa nilizokwisha kumeza siambukizi tena. Sawa, lakini nani atapita nyumba kwa nyumba kulitangaza hilo?

Aliyekuja ni mmoja tu.

Mama Sifa ni mjane wa Uvira, ana miaka hamsini na kitu, anakaa mistari mitatu ya nyumba kutoka kwangu. Kazi yake ni kufuma shali kwa sindano ya kroshia, zile za matundu matundu, ukiinua moja unamwona mtu wa upande wa pili, na katikati ina maumbo kama nanasi. Alikuwa anazipeleka Lilongwe, kwa akina mama wa maofisini kule Capital Hill na wateja wake wa Area 18.

Kabla ya hapo tulikuwa tunasalimiana tu. Alhamisi moja saa kumi alikuja na bonge la uzi mweupe, akageuza bidoo tupu, dumu la maji, nje ya mlango wangu, akalikalia. Nikamwambia asisogee, nina kifua.

Akasema kwa Kiswahili cha kwao, ambacho njo ni ndiyo, "Mi njo nimekwisha kuzeeka. Lete mikono, tuanze."

Akaniwekea sheria mbili. Ya kwanza: shali ya kwanza haiuzwi, ni ya mwalimu. Yeye ya kwanza alimpa shangazi yake aliyemfundisha, na shangazi alizikwa nayo. Ya pili aliisema huku anacheka, lakini mimi sikucheka.

"Siku utaimaliza, we ni fundi. Mi nakwenda kwa mwingine. Kuko banamuke bengi banangoya." Yaani kuna wanawake wengi wanaosubiri kufundishwa.

Kwa hiyo kila Alhamisi saa kumi Mama Sifa yuko nje kwenye bidoo, mimi niko ndani kwenye mkeka, kizingiti katikati yetu. Ananionyesha mistari michache, ananiachia kazi ya wiki nzima. Kati ya mistari tunaongea. Ananieleza samaki wa Uvira walivyokuwa watamu, namweleza baridi ya Bukavu asubuhi, tunabishana mji gani una wanawake wenye maringo. Saa kumi na mbili anaondoka. Ikifika Ijumaa mimi nahesabu siku.

Shida ikawa moja: nilishika haraka.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa nashona nguo Kauma, kule Lilongwe, mikono yangu inaelewa. Wiki ya tano nikaitandaza shali kitandani, nikaona mananasi yamejipanga vizuri, nikahesabu mistari iliyobaki. Alhamisi tatu. Baada ya hapo ukingo, halafu basi.

Jumatano ile jioni nilichomoa sindano, nikashika ncha ya uzi, nikavuta.

Hamjui inavyofumuka haraka. Kazi ya wiki nzima inaondoka kabla chai haijapoa.

Kesho yake nikamwambia, "Mama, nimekosea, nimefumua." Akasema haina shida, akaanza upya, taratibu, kidole chake hewani ananichorea. Wiki iliyofuata nikafumua tena. Na iliyofuata. Mara nasema nimepoteza hesabu, mara nanasi limepinda. Uzi ukachoka, ukatoa manyoya. Yeye akadhani ni uzi mbaya, akaninunulia mwingine Lilongwe na kuuleta kwenye mfuko wake wa kanisani.

Nilijisikia vibaya? Ndiyo. Niliacha? Hapana. Anayetaka kunihukumu anihukumu, lakini kwanza akae miezi mitatu bila mtu kumwita jina.

Halafu jina lake likatoka.

Walioishi kambini wanajua maana yake. Unasubiri miaka, halafu siku moja unaambiwa unahamishiwa nchi ya mbali, ujiandae. Mama Sifa alisubiri miaka kumi na zaidi. Ndege ilikuwa baada ya siku tisa, na anakopelekwa ni nchi ya theluji.

Nilimfurahia kwa mdomo. Alipoondoka nikaikumbuka ile sheria ya kwanza. Shali ni yake, anakwenda kwenye baridi, na mimi nimebaki na nusu ya shali kwa ujinga wangu.

Nilifuma siku zile tisa kama mtu anayekimbizwa. Lakini nguvu za mgonjwa mnazijua. Nusu saa nimechoka, nalala, naamka, nafuma. Mistari niliimaliza yote. Ukingo sikuujua, sababu hatukuwahi kuufikia.

Asubuhi ya basi kambi nzima ilikuwa pale, nyimbo na vilio. Mimi nilisimama mbali, nimevaa barakoa yangu. Mama Sifa akaniona, akapenya watu, akaja. Alivaa kitenge na sweta nyepesi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu. Akaniwahi.

"Unisamehe, mwanangu. Mi njo sikujua kukufundisha muzuri. Nimesha kuambia bale bengine, sitafundisha tena. Macho imezeeka."

Wakuu, ukweli nilikuwa nao mdomoni. Nikamwambia, "Safari njema, Mama." Basi likaondoka, na mimi nikarudi kwenye njia yangu ya majani.

Wiki chache baadaye nilikwenda Lilongwe kwa kipimo cha mwisho. Safi, nimepona. Nesi alinipongeza, nikatafuta wa kumpigia simu, sikumpata.

Nikiwa kituoni chini ya Capital Hill nasubiri usafiri, nikaona mgongo wa mama mmoja wa ofisini. Ile ilikuwa shali ya Mama Sifa. Nisingekosea, mananasi yale nimeyafumua mara nyingi mno. Na ilikuwa na ukingo.

Nikamfuata. Kwa Chichewa changu cha kuokoteza nikamwomba niutazame. Nilidhani atanifukuza. Akageuka tu, akasimama kwa utulivu. Nikaweka kidole begani kwake, nikahesabu: vinyororo vitatu vya uzi, kifundo, ruka kimoja, vinyororo vitatu, kifundo. Nilihesabu mpaka mwisho wa bega, nikarudia. Nikagundua kwamba tangu niugue, ukitoa wauguzi, huyu ndiye mtu wa kwanza niliyemgusa.

Nikasema zikomo, yaani asante. Akaniuliza mbona nalia. Nikasema vumbi.

Siku nne baadaye shali ilikuwa imekwisha, imepigwa pasi, imekunjwa magotini mwangu. Ilikuwa Alhamisi. Saa kumi simu ikalia, namba ndefu nisiyoijua.

Alikuwa yeye. Kwao ni asubuhi. Tulisalimiana, akauliza swali lake la kwanza, "Ile shali umeifikisha wapi?"

Nikasema, "Mstari wa thelathini unanisumbua, Mama."

Akacheka. Akasema hakuna haraka, nihesabu kwa sauti, anasikia. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikahesabu vifundo vya shali iliyokwisha, kimoja kimoja, yeye kule ananisahihisha.

Alhamisi iliyofuata akapiga tena. Na iliyofuata. Saba kwa jumla. Kila wiki nabuni kosa jipya.

Ile ya saba akaniambia anakwenda darasa la lugha kwa miguu kwenye theluji. Koti walimpa, buti walimpa. Halafu akasema, "Mwili inapata joto. Shingo tu njo inanisumbua."

Nilikuwa nimeipakata shali yenye saizi ya shingo yake. Siku hiyo sikuweza kuhesabu. Nilisema mtandao unakatika, nikazima simu.

Kuna dada wa kwaya, Esperance, jina lake na la mumewe yalikuwa yametoka, wanapelekwa mji ule ule aliko Mama Sifa. Nilimpelekea shali kwenye mfuko. Ndani niliweka karatasi: "Mama, ulinifundisha vizuri sana. Nilikuwa nafumua kila Jumatano ili urudi. Shali ilikwisha kabla hujanipigia. Usiache kufundisha."

Wameondoka jana, basi lile lile.

Sasa nilichojifunza, kama ni funzo. Kwa miezi yote ile sikuwahi kumwambia yule mama hata mara moja, "Njoo tu, hata bila sindano, nina upweke." Ingekuwa sentensi moja. Niliona rahisi kuharibu kazi ya mikono yangu kuliko kuisema. Kama kuna mtu unamtaka karibu, mwambie mapema, asije akaondoka anadhani kosa ni lake.

Na kama jirani yako anaumwa, pita kwenye njia yake.

Sijui atasemaje akiisoma ile karatasi. Labda atacheka. Labda simu haitalia tena, kwa sababu sasa mimi ni fundi, na sheria aliiweka mwenyewe.

Kwa hiyo nipeni maneno yenu, hata ya kunisema, nitajibu kila mtu, muda ninao. Isipokuwa Alhamisi saa kumi. Saa hiyo nitakuwa nimekaa mlangoni, bidoo limegeuzwa, simu mkononi.