Siku Nilipoonyesha Gemu Zangu Kanisani Witeithie

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu mwingine, kwa sababu huku kwetu Gitothua, Ruiru, hadithi ikishavuka barabara mara mbili hata mwenyewe huwezi kuitambua: ndiyo, mimi ndiye yule mwanamume aliyeonyesha kanisa zima picha ya mama mkwe wake akiwa joka. Ilifanyika, tena Jumapili, tena kwa ule ukuta wa mbele ambapo huwa wanaonyesha maneno ya nyimbo, na mpaka leo nikipita Witeithie kuna akina mama wananisalimia wakiwa wameuma midomo.

Mke wangu Wanjiru ametoka huko Witeithie, na mama yake, ambaye watoto wangu wanamwita Cucu, yaani nyanya, na mimi namwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kwa heshima, alipata stroki ikamwacha mkono wa kushoto umelala kabisa. Alipotoka hospitali tukamleta kwetu Ruiru akae na sisi, na kila wiki nikawa nampeleka Thika kwa mazoezi, na yule dada wa mazoezi akatuambia vidole visipotumika vitasahau kazi yao, kwa hivyo tumtafutie kitu cha kufinya na kubonyeza. Wakampa kampira. Maitu alikaangalia kale kampira kama mtu ametukanwa, akakasukuma chini ya kochi, na hapo ndipo kalikaa.

Sasa mimi nilikuwa na kagemu. Si hizi mashine kubwa za siku hizi, ni kale kadogo kalikotengenezwa kafanane na zile za zamani tulizokuwa tukienda kuchezea kwa jirani mwenye tivi ya rangi, kadogo mpaka ukikaona mezani unaweza kudhani ni kipande cha sabuni, unakachomeka kwa tivi na kana pedi mbili za kushika. Nilikanunua mtumba pale Thika. Kalikuja na gemu chache tu zimefungiwa ndani, lakini kuna watu walitafuta njia ya kukafungua: unakaunganisha na laptopu kwa kebo, unatumia programu fulani, na kakishafunguka unaongeza gemu zingine vile roho inataka, na kila gemu unaichagulia jina na picha itakayoonekana kwa skrini. (Hapo kwa jina na picha ndipo nilipopotelea, lakini tutafika.)

Asubuhi moja nikamwekea Maitu pedi mapajani, nikamfungulia gemu moja ya matofali yanayoanguka ambayo unayapanga yakijaa laini yanapotea, tukashindana, nikamshinda vibaya sana, na kwa sababu mdomo wangu hauna breki nikacheka nikamwambia hata watoto wa nasari wanacheza vizuri kumliko. Wanjiru alinikanyaga mguu chini ya meza. Maitu akarudisha pedi, akanigeuzia mgongo, na kesho yake baada ya chai akaniambia niwashe hiyo kitu.

Basi hivyo ndivyo tulianza, na kidole gumba cha kushoto ambacho hakikuwa kinasikia maombi wala mafuta ya kukanda kikaanza kutingika, kwanza kidogo kama kinaota, halafu kikaanza kubonyeza kweli, na mimi kila nikiona amechoka na gemu moja naongeza nyingine, ya samaki, ya mpira, ya kupanda ngazi, mpaka kale kasanduku kakawa na gemu nyingi kuliko kalivyozaliwa nazo. Na katika kule kuongeza-ongeza, mchezo ukaniingia kichwani. Kulikuwa na gemu ya mashindano ya magari, nikachukua picha ya Ndegwa, kaka mkubwa wa Wanjiru, anayeuza spea za magari Thika, nikaiweka hapo na jina nikaandika "Niko Njiani", kwa sababu Ndegwa ukimpigia simu wakati wowote yuko njiani, hata kama nyuma yake unasikia maji ya kuoga. Kulikuwa na nyingine ya mtu anakimbia na haifiki mwisho, nikaweka picha ya Pasta wao wa Witeithie (mtu mzuri sana, lakini mahubiri yake yana miisho kadhaa), nikaiita "Ninapomalizia". Na kulikuwa na ile ngumu kushinda zote, ambayo ukivuka kila kitu unakutana na joka linalotema moto mbele ya lango, na hapo nikaweka uso wa Maitu na kitambaa chake cha kichwa, nikaandika "Joka la Witeithie". Wanjiru alipoziona alicheka mpaka akaketi chini kwa jikoni. Zilikuwa za sisi wawili tu, Maitu akilala.

Mkono ulipopata nguvu ya kutosha kushika kikombe, Maitu akataka kurudi kwake, na kabla ya hapo akataka kutoa ushuhuda na shukrani kanisani kwao. Tukasema sawa. Halafu akasema hataongea tu, anataka watu waone kwa macho vile mkono unafanya kazi, kwa hivyo niandamane na kale kasanduku niwaunganishie na projekta, na Pasta alikuwa ameshakubali. Wanjiru aliniangalia. Nikamwambia asijali, nitatoa zile zetu.

Na ningezitoa, lakini Jumapili hiyo asubuhi Maitu akanikumbusha kwamba wenzake wa kikundi cha akina mama wangetaka kujaribu, kwa nini nisiwaongezee zingine rahisi, na mimi ni mtu wa kusema ndiyo, nikaketi na laptopu wakati wengine wanavaa, nikaongeza gemu mpya chungu nzima. Zile tatu za aibu sikuzifuta. Niliona nikizifuta nitapoteza kazi yangu nzuri, kwa hivyo nikazificha kwa folda ya mwisho kabisa, mahali Maitu huwa hafiki. Jambo ambalo sikujua ni kwamba ile programu ikiona gemu zimezidi inaanza kuzipanga upya yenyewe, inavunja folda zako inatengeneza zake, haiulizi mtu. Ningewasha tivi nikaangalia ningeona. Lakini Wanjiru alikuwa anapiga honi nje, watoto wamekaa kwa gari, Maitu ameshafunga mshipi, nikachomoa kebo nikatoka mbio.

Kanisa lilikuwa limejaa. Ni kanisa la mabati, wakaziba madirisha kwa mapazia ili picha ionekane vizuri, wakamwekea Maitu kiti mbele na maiki kwa kistendi, akaongea maneno yake polepole, vile alivyoanguka, vile alivyoogopa, watu wengine wakawa wanapangusa macho. Nami nikawa nimesimama kando na shati langu jeupe, najisikia mkwe wa maana. Akasema sasa angalieni huu mkono, akashika pedi, na ukutani zikatokea folda ambazo mimi sijawahi kuziona maishani.

Akafungua ya kwanza akitafuta matofali yake. Hapo ndipo uso wa Ndegwa ulijaza ukuta, na chini yake maandishi makubwa, "Niko Njiani". Maitu alivaa miwani akasoma kwa maiki, silabi kwa silabi. Na kama shetani mwenyewe ndiye aliyepanga ratiba, Ndegwa alikuwa ndiyo anaingia kwa mlango wa nyuma, amechelewa. Kanisa lilicheka vile sijawahi kusikia kanisa likicheka. Mimi nikacheka pia kidogo, ili nionekane sijui ni nani amefanya.

Maitu akabonyeza mshale kuendelea. Akaja Pasta, "Ninapomalizia". Vijana wa kwaya walianza kucheka halafu wakajizuia, na ile ya kujizuia ni mbaya kuliko kucheka. Hapo nikajua lile la tatu liko wapi. Nikaruka kwenda kuzima, na kwa haraka yangu nikang'oa waya kwa ekstensheni, lakini nikang'oa waya wa maspika, projekta ikabaki inawaka vizuri kabisa. Sasa sauti imekufa, kanisa limenyamaza, na Maitu amebonyeza tena. Nikaona dawa iliyobaki ni kusimama mbele ya projekta nizibe. Nikasimama. Watu walianza kuguna, nikainamisha kichwa kuangalia shati langu jeupe, na pale kifuani ulikuwa uso wa mama mkwe wangu na kitambaa chake, na kwa tumbo langu moto unatoka.

Jamani, mwelewe, kwa watu wa kanisa joka si mnyama wa kuchekesha, joka ni yule wa kitabu cha Ufunuo. Na kwetu mtu hata kumtania mama mkwe kwa mdomo ni shida, sembuse kumweka ukutani na mabawa. Nilimtafuta Wanjiru kwa macho nikampata anaangalia sakafu kama mtu hajawahi kunijua.

Maitu akaniambia nitoke hapo asome. Nikatoka. Akasoma. Halafu akageuka akaniangalia juu ya miwani.

"Hiyo joka ni mimi?"

"Ni wewe, Maitu."

"Huwa inashindwa?"

Nikamwambia ukweli, kwa sababu ukweli ndio pekee nilibaki nao: "Sijawahi kuishinda."

Akaweka pedi mapajani. Halafu akageukia watu, na bila maiki ilibidi kila mtu anyamaze zaidi ili amsikie.

"Nilipokuwa kwa kitanda kila mtu alikuja akaniongelesha kama mtoto," akasema. "Pole Mama, pole Mama. Huyu peke yake ndiye alinicheka. Alinishinda kwa gemu akanicheka kwa uso, na mimi nikakasirika. Mungu ameniponya, lakini hata hiyo hasira ilisaidia. Asanteni kwa maombi. Na wewe, asante."

Akafungua hiyo gemu ya joka, akaanza kuicheza na kidole chake cha kushoto, akafa mara moja, akaanza tena, na kanisa likaanza kupiga makofi. Sikupiga. Nilikuwa naangalia ukuta ili watu wasione macho yangu.

Pasta siku hiyo alimalizia mara moja tu. Mimi baadaye nikaenda nikamwomba msamaha kwa ofisi yake, akaniambia mke wake amekuwa akimwambia jambo hilo hilo tangu waoane na hakuwa anamwamini. Nyumbani kwa Maitu wakati wa chakula nilijificha nyuma ya jikoni kuosha sufuria na akina shangazi, kwa hiari yangu, na Maitu akanifuata huko na fimbo yake ya kutembelea akanilalamikia jambo moja tu, kwamba ile picha hakuwa amependeza, kuna nyingine ya harusi yetu ambayo angeonekana vizuri.

Lakini Ndegwa hakucheka. Alikula haraka akaondoka bila kunipa mkono, na kwa miezi iliyofuata simu zangu hakushika. Nilifikiri ni kiburi. Wanjiru akaniambia niende nimwone uso kwa uso, nikaenda Thika dukani kwake, nikamkuta anapanga shoka-absoba za magari, nikasimama pale kaunta nikamwomba msamaha bila kuongeza mzaha wowote, na nyinyi mnaonijua mnajua ilinigharimu.

Alipanga vitu vyake mpaka akamaliza.

"Siku mathe alianguka alinipigia mimi kwanza," akasema. "Nilimwambia niko njiani. Nilikuwa kwa kitanda. Nikalala tena."

Sikujua. Walai sikujua. Nilichojua ni kwamba siku ile jirani alitupigia simu, na mimi na Wanjiru tukatoka Ruiru mbio tukampata sakafuni kwake, na kumbe kuna mtu mwingine amekuwa akiibeba siku hiyo peke yake tangu hapo, na mimi nikaenda nikamwandikia ukutani mbele ya watu wote, nikiita utani. Ndegwa akazunguka kaunta, akaniambia kitu alichokuwa amekosa namna ya kuniambia, kwamba anashukuru mimi ndiye nilimbeba mama yake mpaka kwa gari. Tukanywa chai hapo hapo dukani. Alilipa yeye, akakataa kubishana.

Siku hizi naendelea kuongeza gemu, watu wananiletea hata vikonsoli vyao, siwezi kuacha. Ila sura ya mtu siweki tena, hata ya mtoto wangu, hata aombe mwenyewe, kwa sababu nimejua utani unaweza kumpiga mtu mahali hujui ana kidonda, na si kila mtu atakuambia. Na kila nikikumbuka lile shati langu kanisani bado naona haya mpaka masikio yanapata moto, lakini nashukuru. Ningeaibika hivyo mbele ya watu wengine wangenifukuza. Hawa walinipa sufuria nioshe, wakanipakulia chakula, na Krismasi ilipofika wakaniita tena.