Mguu wa Nne wa Meza ya Ibada

Marehemu Baba, Mungu amrehemu, aliondoka akiwa ameranda uso na kukereza miguu mitatu tu ya meza aliyoiahidi nyumba ya ibada. Kabla machozi hayajakauka, kaka mkubwa akauza mashine yake ya kukerezea, ile inayozungusha gogo likichongwa. Eti kila akiiona moyo unamuuma. Mdogo wake wa kike, mchora samani kwa kompyuta, alichemka kwa hasira hadi akashindwa kusali vizuri.

Karakana moja yenye mitambo ya kisasa ilikubali kukereza mguu wa nne, mradi ipate mchoro. Basi binti akaulaza mguu mmoja mbele yake, akapima kila bonde na kila shingo, akachora mstari wa ubavu mmoja tu. Kilichobaki ni programu iuzungushe mstari huo kwenye mhimili, yaani mstari wa kuzungukia, ujae kuwa mguu kamili.

Akabonyeza. Likatokea pipa lenye kiuno.

"Salale! Kumbe Baba alikuwa fundi wa mapipa?" Kaka, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akaangua kicheko.

"Kaka, niondokee kabla sijasahau kuwa wewe ni mkubwa wangu."

"Hasira za nini, mdogo wangu? Weka bomba la chuma, yaishe. Mungu haangalii miguu ya meza."

"Anaangalia! Na Baba aliangalia. Wewe ndiye kipofu, umeuza mkono wa mzee ungali na joto!"

Binti akairudia kompyuta. Akakodolea macho lile pipa, na kosa akaliona: mhimili alikuwa ameuweka nje ya mti, wakati Baba alilishika gogo kwenye mashine katikati kabisa. Akausogeza, akabonyeza tena.

Mguu ukasimama kwenye skrini na mabonde yake yote, ukijizungusha polepole.

Kicheko kikamkauka kaka. "Huo ni wake," akasema, akijifuta macho.

Binti hakumbembeleza. "Mashine yuko nayo nani?"

"Fundi wa mtaa wa chini."

"Basi karakana basi tena. Mguu utakerezwa kwenye mashine ya Baba. Na wa kwenda kumwomba huyo fundi ni wewe, na uso wa meza umejitwika kichwani."

"Mchana huu? Watu wataniuliza!"

"Wajibu kuwa uliiuza mashine ya Baba."

Kaka akainama, akajitwika uso wa meza. Binti akachapa mchoro, akakwapua miguu mitatu, akamfuata nyuma. Moyo wa kumsamehe kaka yake aliuomba kwa Mungu njia nzima, na ulikuwa bado haujafika.