Ursula Aliyekwenda Musoma Kutazama

Mwaka wa 1952, mtama ulipokwisha kuvunwa, Ursula wa Mugango alimwambia mumewe kwamba anakwenda Musoma mjini siku tatu.

"Nani anaumwa?" Florian akauliza.

"Hakuna."

"Una kesi?"

"Sina kesi. Nakwenda kutazama."

Florian akauweka chini wavu aliokuwa akiutengeneza. Watu wa Mugango walikwenda mjini kwa kuitwa na serikali, kupeleka mgonjwa au kuuza pamba. Mtu mzima kuacha shamba lake akatazame nyumba za watu, hilo alikuwa hajalisikia. Lakini alikuwa amekaa na Ursula miaka kumi na tisa, akatambua kwamba haombwi ruhusa. Akauliza tu nani atachunga mbuzi. Ursula akamwambia ni yeye.

Sababu ilikuwapo. Baba yake Ursula, mzee Makongoro, alipokuwa kijana alichukuliwa na Wajerumani akabebe mawe ya kujengea boma la Musoma. Alibeba miezi minne. Mpaka anakufa, bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, na akinywa pombe kidogo alilieleza lile boma: ukuta mnene juu ya kilima, na ziwa mbele yake mpaka macho yanachoka. Wanawe walimcheka. Ursula hakumcheka, ila hakumwamini sana.

Alitoka alfajiri na kikapu cha furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa kwa moshi na unga wa muhogo. Njiani dereva wa lori la pamba alisimama akamtajia nauli. Ursula akamtakia safari njema. Nauli ile ingemaliza fedha yote aliyoiweka kwa ajili ya mjini, na miguu alikuwa nayo.

Jioni alifika mjini, akapiga hodi mtaa wa Kitaji, kwa mjane mmoja mpika vitumbua aitwaye Mwanaupe.

"Simjui mtu hapa," Ursula alisema. "Nina samaki na unga. Nataka mkeka siku tatu, na asubuhi nitakutwangia mchele."

Mwanaupe akachukua furu mmoja, akamnusa. "Nani aliwakausha?"

"Mimi."

"Ingia, dada. Maji ya kunawa miguu yako pale."

Kesho yake alitwanga, kisha akatembea. Aliona meli ikishusha mizigo, maduka ya Wahindi, msikiti, na yale mawe makubwa ya ufukweni yaliyobebana kana kwamba mtu ameyapanga. Siku ya pili akapanda bomani. Askari wa zamu, Mseti, akamsimamisha.

"Shauri lako nini, mama?"

"Sina shauri."

"Asiye na shauri haingii."

"Baba yangu alibeba mawe ya ukuta huu. Wewe ulibeba?"

"Mimi sikubeba."

"Basi nipishe nitazame kazi yake. Karatasi za watu sitazigusa."

Mseti aliutazama mlango wa ofisi. Bwana mkubwa alikuwa safarini. "Pita nyuma. Ukiulizwa, mimi sikukuona."

"Nikiulizwa nitasema ukweli, kwamba nimekuja kutazama."

Mseti akacheka, akampeleka mwenyewe.

Ukuta ulikuwa mnene kuliko alivyoelezwa. Pembeni palikuwa na jiwe moja lililobaki bila kujengewa. Ursula akajaribu kuliinua. Halikufika hata magotini. Akakaa juu yake, akamwomba baba yake radhi kwa lugha ya kwao, kwa sauti, huku machozi yakimtoka. Mseti aligeukia ziwani mpaka alipomaliza.

Aliporudi Mugango aliwasimulia wenzake wa kanisani, na wao hawakucheka. Mwaka uliofuata wanawake wanne walifuatana naye, kila mmoja na kikapu chake, wakalala kwa Mwanaupe. Mwaka wa 1958 walikuwa kumi na mmoja, na Mwanaupe alikuwa ameongeza chumba. Ursula ndiye aliyewaonyesha njia, akawafundisha wabebe nini na wasiogope kuuliza. Bomani karani alikwisha kumzoea. Akimwona anatokea mteremkoni na kundi lake, anamwambia askari awaache.

Florian naye alikwenda nao mara moja, mwaka wa tatu wa safari hizo. Ukuta aliutazama mara moja, akausifu kwa adabu kwa ajili ya mkwewe. Siku zilizobaki alishinda bandarini, na njia nzima ya kurudi alimweleza Ursula jinsi winchi inavyoinua magunia sita kwa mpigo mmoja.